Gin Lane: mtaa wa London kwenye bamba la shaba

Gin Lane, yaani Kichochoro cha Jin, ni picha iliyochapwa kutoka bamba la shaba mjini London mnamo Februari 1751. William Hogarth, aliyeichora, aliitoa pamoja na mwenzake Beer Street, na kila moja iliuzwa kwa shilingi. Urefu wake ni karibu sentimita 38 na upana karibu sentimita 32. Ndani ya nafasi hiyo ndogo mna kanisa, duka la rehani, kiwanda cha pombe, kinyozi aliyejinyonga, nyumba inayoporomoka, maiti anayeingizwa jenezani, na umati wa watu ambao karibu kila mmoja ana gilasi mkononi au anaitafuta. Mtazamaji wa haraka huona vurugu tu. Anayetulia nayo hugundua kwamba hakuna kilichowekwa bila hesabu: mtaa wenyewe haukuwahi kuwapo jinsi ulivyochorwa, na kila kilichomo ni ushahidi uliokusanywa ili kulishawishi Bunge litunge sheria.

Jin yenyewe ilikuwa imeingia katika maisha ya London kwa mlango wa siasa. Mwaka 1689 kiti cha ufalme wa Uingereza kilichukuliwa na William wa Orange, Mholanzi, na vita na Ufaransa vikaanza. Brandi ya Kifaransa ilipigwa marufuku, na mwaka 1690 Bunge lilipitisha sheria ya kuhimiza upikaji wa pombe kali kutokana na nafaka ya nyumbani. Ukiritimba wa chama cha wapikaji wa London ulivunjwa, na mtu yeyote mwenye mtambo akaweza kuingia katika kazi hiyo. Sheria hiyo iliwafaa wengi wenye sauti. Wabunge walikuwa wenye mashamba na walihitaji soko la shayiri na ngano, hasa katika miaka ya mavuno mazuri ambapo bei ya nafaka ilishuka. Serikali nayo ilihitaji ushuru wa kulipia vita. Mwenye kilabu cha bia alitakiwa kuwa na leseni ya mahakimu. Muuza jin, kwa miaka mingi, hakutakiwa.

Matokeo yake yalionekana mitaani. Jin iliuzwa katika vyumba vya chini ya ardhi, katika maduka ya mishumaa na sabuni, kwenye matoroli na vikapuni. Mnamo 1726 kamati ya mahakimu wa Middlesex ilihesabu zaidi ya nyumba 6,000 zilizouza pombe kali katika sehemu za London walizozikagua, na wenyewe walikiri kwamba hesabu ilikuwa pungufu. Kinywaji kilichouzwa humo kilikuwa mbali na jin iliyotiwa harufu ya tunda la mreteni kwa uangalifu. Wapikaji wa bei ya chini walitumia tapentaini kuiga harufu hiyo, na asidi ya salfa kuipa ukali. Tangu zamani Mwingereza wa kawaida alikunywa bia, ambayo ilikuwa chakula kwa kiasi fulani. Sasa kwa peni moja alipata kitu chenye nguvu mara nyingi zaidi, nacho alikinywa kwa kipimo kilekile cha bia.

Bunge lilijaribu kurudi nyuma. Sheria ya 1729 ilikuwa dhaifu. Ile ya 1736 ilikuwa kali kupita kiasi: leseni ya kuuza rejareja ilipandishwa hadi pauni 50 kwa mwaka na ushuru hadi shilingi 20 kwa galoni, huku mtoa habari akiahidiwa pauni 5 kwa kila muuzaji aliyetiwa hatiani. Watu walifanya maziko ya dhihaka ya Bibi Jin, wakatembeza jeneza lake mitaani kwa kilio cha mzaha. Leseni hizo karibu hakuna aliyezinunua. Watoa habari walipigwa, wengine wakauawa, na biashara ikaingia mafichoni. Dudley Bradstreet, mjanja mmoja aliyeandika habari za maisha yake baadaye, alikodi nyumba, akagongomea dirishani kibao chenye sura ya paka na kupitisha bomba chini ya ukucha wake. Mnunuzi alitia sarafu katika kinywa cha paka na kumnong'oneza, naye Bradstreet, aliyejifungia ndani, alimimina jin kwenye bomba. Kwa kuwa hakuna aliyemwona muuzaji, hakuna aliyeweza kumshtaki. Mwaka 1743 Bunge lilisalimu amri na kuiondoa sheria hiyo. Wakati huo upikaji ulikuwa umepita galoni milioni 8 kwa mwaka katika nchi yenye watu wapatao milioni 6.

Vita vingine vya Ulaya vilipomalizika mwaka 1748, maelfu ya askari na mabaharia waliachishwa kazi na kurudi London bila kipato. Ujambazi uliongezeka, au angalau magazeti yaliuandika zaidi. Henry Fielding, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia hakimu wa Bow Street, alitoa Januari 1751 kitabu kuhusu sababu za kuongezeka kwa wanyang'anyi, na jin aliiweka karibu na juu kabisa ya orodha yake. Askofu Isaac Maddox wa Worcester alikuwa amekwisha kuihubiri vita hiyo kanisani. Hogarth alikuwa rafiki wa Fielding. Picha zake mbili zilitoka majuma machache baada ya kitabu, na ni vigumu kuamini kwamba wawili hao hawakuwa wamezungumza.

Hogarth alizaliwa mwaka 1697 Smithfield, karibu na soko la mifugo la London. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kilatini aliyefungua mkahawa ambamo wateja walitakiwa kuzungumza lugha hiyo. Mkahawa ulifilisika, na baba akafungwa kwa deni katika gereza la Fleet kwa miaka kadhaa. Deni, rehani na kuanguka kwa nyumba ya mtu, mambo yanayorudi tena na tena katika picha za Hogarth, aliyajua tangu utotoni. Mwaka 1714 aliwekwa kwa sonara mmoja kujifunza kutia nakshi kwenye vyombo vya fedha, na kabla ya miaka saba kutimia alikuwa akitafuta njia ya kuondoka kwenye nembo za mabwana na kuingia kwenye picha za kuchapwa. Alifaulu kwa mfululizo wa picha 6 wa A Harlot's Progress wa 1732, unaosimulia maisha ya msichana wa shamba aliyeingizwa katika ukahaba London. Seti nzima iliuzwa kwa gini moja, na wezi wa kazi za watu wakainakili mara moja. Hogarth na wenzake walipeleka malalamiko Bungeni, na mwaka 1735 ikapitishwa sheria iliyompa mchoraji haki ya picha zake kwa miaka 14. Mstari mdogo unaotaja sheria hiyo chini ya picha nyingi za karne ya 18 ni matunda ya ugomvi huo.

Kazi ya picha ya namna hii ilianzia kwenye karatasi. Michoro ya Gin Lane na Beer Street kwa chaki nyekundu ipo hadi leo katika maktaba ya Morgan, New York. Mchoro ulihamishiwa kwenye bamba la shaba lililosuguliwa hadi kung'aa, kisha mistari ikachimbwa. Njia zilikuwa mbili, na Hogarth alizichanganya. Katika ya kwanza bamba hupakwa nta, nta ikakwaruzwa kwa sindano, na tindikali ikala shaba mahali palipokwaruzwa. Mstari wake ni mwepesi na huru. Katika ya pili fundi husukuma kalamu ya chuma yenye ncha ya pembe ndani ya shaba yenyewe. Mstari wake ni mkali, hunenepa mkono ukikaza na hukonda mkono ukilegea. Bamba lilipakwa wino, uso wake ukafutwa hadi wino ukabaki kwenye mifereji peke yake, kisha likapitishwa pamoja na karatasi yenye unyevu kati ya magurudumu mawili mazito. Karatasi huipokea picha ikiwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto, na ndiyo maana fundi hulazimika kuandika maneno yote kwenye bamba kinyumenyume. Gin Lane imejaa maneno: majina ya maduka, vibao, karatasi inayoning'inia kikapuni.

Kivuli katika picha hakina rangi ya kijivu hata kidogo. Ni mistari tu. Mahali penye giza mistari imekatana mara mbili au tatu. Penye mwanga imeachana. Ukuta wa nyumba mbovu una mistari iliyovunjika, mbingu ina mistari mirefu ya mlalo, na ngozi ya mwanamke aliye mbele imefinyangwa kwa mistari inayozunguka umbo lake. Hogarth alitangaza kwamba ameipunguza bei ili picha zimfikie mtu wa kawaida, na akatoa nakala za karatasi bora zaidi kwa peni 18 kwa wapenda sanaa. Hata hivyo shilingi moja ilikuwa sehemu kubwa ya ujira wa siku wa kibarua. Wengi wa wale waliochorwa wasingeinunua. Wangeiona dirishani kwa muuza picha au imebandikwa ukutani mwa karakana na mkahawa. Walioinunua walikuwa mafundi wenye karakana, wafanyabiashara, makasisi, na watu walioweza kumwandikia mbunge.

Jicho linapoingia katika picha hutua kwanza kwa mwanamke aliyeketi juu ya ngazi, katikati kabisa. Kifua kiko wazi, miguu ina vidonda vya kaswende, na uso una tabasamu lisilomlenga mtu. Anachota ugoro. Mtoto wake ameteleza mapajani na anaanguka kichwachini juu ya kizuizi cha ngazi, mikono imetanda, kuelekea shimo la chumba cha jin kilicho chini. Mama hajui. Hogarth angeweza kumchora akiwa ameshika gilasi, lakini alimpa kikopo cha ugoro, na uamuzi huo una uzito: ulevi umekwisha kufanya kazi yake, na mwanamke sasa anashughulika na starehe nyingine ndogo. Wasomaji wa 1751 walikuwa na kisa cha kweli cha kukumbuka. Mwaka 1734 Judith Defour alimtoa bintiye wa miaka miwili katika nyumba ya maskini alikokuwa akilelewa, akamnyonga, akamvua nguo mpya alizopewa huko na kuziuza ili apate pesa ya jin. Alinyongwa mwaka huohuo.

Chini ya ngazi, upande wa kulia, ameketi muuza nyimbo na vijikaratasi. Amekwisha kuuza au kuweka rehani shati lake, na mbavu zinahesabika. Kama bado yu hai ni jambo ambalo picha imeliacha wazi. Kikapuni mwake kuna karatasi inayosimulia kuanguka kwa Bibi Jin, na pembeni mbwa mweusi anamtazama. Upande wa kushoto, juu ya mlango wa chumba cha jin, kuna maandishi yanayoahidi ulevi kwa peni moja, ulevi wa kupoteza fahamu kwa peni mbili, na majani makavu ya kulalia bila malipo. Tangazo la namna hiyo halikuwa mzaha wa Hogarth pekee. Watu wa wakati wake walisema liliwahi kuonekana kwenye milango ya London.

Sehemu yenye nguvu kuliko zote iko juu kidogo ya mlango huo, kwenye duka la rehani. Jina la mwenye duka ni Gripe, jina la mtu anayekamata na asiachie. Seremala amemletea msumeno wake. Nyuma yake mwanamke ameshika birika na sufuria na koleo la jikoni. Gripe anaukagua msumeno kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hautakombolewa. Matisho mengine ya picha yanaonyesha matokeo. Hapa inaonekana njia yenyewe. Seremala asiye na msumeno hana kazi ya kesho, na nyumba isiyo na sufuria haina chakula cha leo. Jin ya jioni moja imekula uwezo wa kupata pesa yoyote baadaye. Chini yao mwanamume na mbwa wanaguguna mfupa mmoja, kila mmoja kwa upande wake, na kando yao amelala mwanamke ambaye konokono anatambaa juu ya mkono wake bila kumwamsha.

Upande wa kulia kuna duka la mpikaji wa jin aitwaye Kilman, jina lisilohitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Kiingereza. Mbele yake umati unagombana, na mlemavu mmoja amepandwa na hasira. Mama anammiminia mtoto mchanga jin mdomoni. Mwanamke aliyebebwa kwenye toroli, asiyeweza tena kukaa wima, ananyweshwa gilasi nyingine. Katikati ya fujo hiyo wamesimama wasichana wawili watulivu wakigonganisha gilasi zao. Mikononi wana alama ya parokia ya St Giles, yaani wanalelewa kwa sadaka ya kanisa. Ni rahisi kuwapita bila kuwaona, na pengine hilo ndilo kusudi. Parokia imewavisha na kuwalisha, kisha imewaacha kilabuni.

Nyuma, mambo yanazidi kuwa mabaya. Mwanamke wa makamo, uchi, anaingizwa jenezani chini ya usimamizi wa ofisa wa parokia, mtoto wake akilia pembeni. Mlevi aliyejifunika kichwa kwa mivukuto anacheza huku ameshika kijiti cha kuchomea nyama ambacho kimemchoma mtoto. Hapa Hogarth amezidisha. Jambo hilo ni la jukwaani, nalo linapunguza imani ambayo duka la rehani limeijenga. Kinyozi aliyejinyonga katika chumba cha juu, ambaye mtazamaji humwona kupitia ukuta uliobomoka, ana ukweli zaidi: wateja wake hawana tena peni ya kunyolewa. Nyumba za mbali zinaporomoka na matofali yako hewani. Majengo matatu tu yamesimama imara, na ni ya watu watatu: mwenye rehani, mpika jin na mtengeneza majeneza, ambaye jeneza linaning'inia nje ya duka lake kama kibao cha biashara.

Juu ya yote unaonekana mnara wa kanisa la St George, Bloomsbury. Kwa mnara huo mtaa unapata anwani, kwani hakuna mwingine unaofanana nao London. Nicholas Hawksmoor aliujenga kwa ngazi kama piramidi, akifuata maelezo ya kale ya kaburi la Halicarnassus, na kileleni akaweka sanamu ya mfalme George I katika mavazi ya Kirumi. Kanisa hilo, lililokamilika mnamo 1730, lilijengwa kwa ajili ya wakazi wenye uwezo wa upande wa kaskazini wa parokia ya St Giles, ambao hawakutaka kupita katikati ya vichochoro vya maskini kila Jumapili wakienda kusali. Hogarth ameliweka mbali, safi, limewapa watu mgongo. Karibu na mtazamaji zaidi iko alama ya duka la rehani yenye mipira mitatu, na kwa pembe aliyoichagua mchoraji inajitokeza juu ya paa za mtaa mithili ya msalaba. Mfalme yuko juu ya mnara, ofisa wa parokia yuko kwenye jeneza, na kati yao hakuna mtu wa mamlaka.

Beer Street ilitakiwa kusomwa ikiwa kando ya picha hiyo. Wazo la jozi ya shibe na njaa halikuwa jipya: mwaka 1563 picha mbili zilizochapwa kutokana na michoro ya Pieter Bruegel zilionyesha jiko la wanene na jiko la wembamba. Hogarth alilihamisha wazo hilo kutoka jikoni hadi barabarani. Mtaa wa bia uko Westminster, chini ya mnara wa St Martin-in-the-Fields, ambapo bendera imepandishwa kwa siku ya kuzaliwa kwa mfalme George II. Mhunzi mnene na muuza nyama wanakunywa baada ya kazi. Wanawake wauza samaki wanasoma wimbo wa kusifu uvuvi wa siminga. Wachukuzi wa kiti cha bibi mmoja tajiri wamesimama wanywe kidogo, mafundi wako juu ya paa, washonaji wako dirishani. Nyumba inayobomoka ni moja tu, na ni ya mwenye rehani: jina lake hapa ni Pinch, amejifungia kwa kuogopa wadai, na kikombe chake cha bia anapitishiwa kupitia tundu la mlango.

Kama picha, hii ya pili ni dhaifu zaidi. Furaha iliyoenea sawasawa haina pa kushika jicho. Mtu mmoja ndiye anayeiokoa: mchora vibao, mwembamba, nguo zimechanika, ambaye anatabasamu mbele ya kazi yake kana kwamba ameshiba. Kando yake inaning'inia chupa anayoiiga, na wachambuzi wengi huisoma kuwa chupa ya jin. Kwa nini mtu pekee mwenye njaa katika mtaa wa shibe awe msanii, na kwa nini awe anatangaza adui? Watu wamejibu kwa namna nyingi. Jibu lililo karibu zaidi na tabia ya Hogarth ni kwamba alikuwa na uchungu wa miaka mingi dhidi ya matajiri wa London waliolipa fedha nyingi kwa picha za Italia na Ufaransa na kuwaacha wachoraji wa nyumbani wapake vibao.

Wafaransa hawakusalimika pia. Mwaka 1748 Hogarth alikamatwa Calais kwa kuchora lango la mji, akashukiwa kuwa jasusi na kurudishwa kwao, na mwaka uliofuata alitoa picha ya kulipiza kisasi. Katika nakala za kwanza za Beer Street mhunzi amemwinua kwa mkono mmoja Mfaransa mwembamba. Mwaka 1759 Hogarth alilirudia bamba: Mfaransa alifutwa, na mahali pake likawekwa paja la kondoo, pamoja na fundi wa kutandaza mawe ya barabara akimkumbatia mtumishi wa kike. Mabadiliko ya namna hii ni kazi ya taabu. Shaba hukwanguliwa hadi mstari wa zamani upotee, kisha bamba hugongwa kwa nyundo kutoka nyuma ili pale palipobonyea painuke, pasuguliwe na kuchimbwa upya. Kwa mkusanyaji, paja la kondoo ni njia ya haraka ya kuitambua nakala ya baadaye.

Jozi hiyo inasema kweli kuhusu mengi na kukaa kimya kuhusu chanzo. Kwa mujibu wake mtu anayekunywa bia hustawi na anayekunywa jin huangamia, kana kwamba tofauti ya Westminster na St Giles ilikuwa kwenye gilasi. Ukweli ni kwamba St Giles ilikuwa maskini kabla ya jin. Ilipokea wahamiaji wa Ireland na watu wa mashambani waliotafuta kazi, ikawapangisha vyumba vya kulala kwa usiku mmoja, wengi katika chumba kimoja. Mwenye nyumba aliyekusanya kodi hayumo katika picha. Mwenye shamba aliyeuza nafaka kwa Kilman hayumo. Wabunge waliopitisha sheria ya 1690 hawamo. Hilo halishangazi, kwani picha ilihitaji msaada wa watu haohao.

Sheria ilipitishwa katikati ya 1751, baada ya miji kadhaa kupeleka maombi Bungeni. Safari hii haikujaribu kuifuta jin. Ilipandisha ushuru kwa kiasi, ikawakataza wapikaji kuuza rejareja, ikaruhusu leseni kwa wenye nyumba za thamani fulani tu, na ikazuia uuzaji magerezani na katika nyumba za maskini. Kifungu chake chenye akili kuliko vyote kilisema kwamba deni la pombe kali lililo chini ya shilingi 20 haliwezi kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo muuzaji mdogo hakuwa na sababu ya kukopesha. Unywaji ulishuka. Picha za Hogarth zilichangia kiasi gani hakuna njia ya kupima, lakini nafaka ilichangia bila shaka: mavuno yaliharibika, bei ikapanda, na kuanzia 1757 upikaji wa pombe kali kutokana na nafaka ulisimamishwa kwa miaka kadhaa.

Gin Lane iliendelea kusomwa baada ya tatizo lililoizaa kupungua. Mwaka 1811 Charles Lamb aliitetea dhidi ya wale walioiona chafu na ya chini, akaelekeza macho kwenye jambo dogo ambalo wengi hawakulitaja: kupitia ukuta uliovunjika, mbali kabisa, wanaonekana watu wakienda mazikoni, kana kwamba huzuni ya mtaa inaendelea nje ya picha. Mwaka 1848 Charles Dickens aliilinganisha na picha mpya za George Cruikshank dhidi ya ulevi. Kwa maoni yake Cruikshank alimlaumu mlevi peke yake, ilhali Hogarth alionyesha mtaa mbovu, nyumba mbovu, na kanisa lililokaa mbali likitazama tu. Usomaji huo una haki, ingawa unampa Hogarth ukali dhidi ya wakubwa ambao huenda ni wa Dickens mwenyewe zaidi.

Mtaa wenyewe uliondolewa kwa njia ya mipango miji. Mwaka 1847 barabara ya New Oxford Street ilifunguliwa kupitia katikati ya vichochoro vya St Giles. Nyumba zilibomolewa, na waliofukuzwa walijisonga katika vichochoro vya jirani vilivyobaki, ambavyo vikawa vimejaa kuliko mwanzo. Mnara wa Hawksmoor bado upo na unaonekana kutoka barabara hiyo. Mwaka 1871 ulipoteza sanamu za simba na farasi wenye pembe moja zilizokuwa zikiuzunguka, na sanamu mpya zikawekwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 2006.

Mabamba nayo yalikuwa na maisha yake. Hogarth alifariki Oktoba 1764. Mkewe Jane aliendelea kuuza picha nyumbani kwao Leicester Fields, na mwaka 1767 Bunge liliporefusha haki za wachoraji lilimpa yeye ulinzi wa pekee wa miaka 20 juu ya kazi za mumewe. Alipofariki mwaka 1789 mabamba yalifika kwa mfanyabiashara John Boydell, na mwaka 1822 yakachapwa tena baada ya James Heath kuichimba upya mistari iliyokuwa imefifia. Kila mpito kati ya magurudumu hula shaba kidogo, na mistari myembamba hufa kwanza. Katika nakala za mwanzo weusi wa mlango wa chumba cha jin ni mzito na mbavu za muuza nyimbo zimesimama moja moja. Katika nakala za mwisho giza limekuwa la kijivu, watu wa nyuma wamechanganyika, na mazishi aliyoyasifu Lamb yanahitaji kutafutwa.